Nilivyomfundisha farasi kwa kumpa mgongo kule Ujiji, na pumzi niliyoisikia shingoni

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu. Najua humu kuna watu wakisoma mstari wa kwanza tu wanaita chai. Sawa, leteni na maandazi kabisa. Ila haya yamenikuta mimi mwenyewe, akili timamu, mchana kweupe.

Farasi Kigoma wametoka wapi? Swali zuri.

Kuna bosi mmoja kajenga sehemu ya wageni ufukweni, mbele kidogo ya Ujiji. Akaleta farasi wawili kwa lori ili wageni wapande na kuzunguka mchangani. Mmoja mzee, mpole, hana neno na mtu. Wa pili jike la miaka mitatu, rangi ya kahawia, jina lake Tulia. Aliyempa hilo jina alikuwa na utani.

Tulia alikuwa hashikiki. Fundi wa kwanza alimfunga kamba akamchapa, akaishia kuvunjwa mbavu yeye. Ndipo bosi akasikia kuna jamaa anakaa Gungu anazoesha maksai wa kulimia. Jamaa huyo ndiye mimi. Kazi nimefundishwa na mjomba wangu kule Kidahwe, na fimbo sijawahi kushika.

Bosi hakunizungusha:

"Nakupa wiki mbili. Wageni wakija hapandiki, nampiga risasi. Mimi sifugi pambo."

Nikamtazama yule mnyama, alama za fimbo bado mbichi ubavuni. Roho iliniuma sana. Nikasema nipeni mimi.

Sasa niwaeleze njia ya mjomba, maana bila hiyo hamtanielewa.

Mnyama mchanga haogopi mikono yako, anaogopa macho yako. Kwa hiyo unaingia zizini, unampa mgongo, unasimama. Unaongea naye kwa sauti ya chini, lolote lile, hata habari za nyumbani. Siku moja atakuja mwenyewe kukunusa shingoni. Akikunusa, usigeuke! Ukigeuka mapema umeharibu, unaanza upya. Unamwacha siku kadhaa mpaka akuegemee, hapo ndipo unamshika.

Zizi la Tulia lilianzia nyuma ya jiko likaenda mpaka majini, ili anywe mwenyewe. Zamani watu walianika dagaa pale, halafu wakapahama. Nikiuliza kwa nini, kila mtu ananijibu "waliacha tu". Nikaona yasiwe makuu, kila mtu na biashara yake.

Nikachagua saa saba mchana, watu wakiwa wameenda kula na ziwa limetulia kabisa. Farasi mzee tulikuwa tunamfunga upande wa barabara asituvuruge. Nasimama uso kuelekea jikoni, mgongo kwenye maji, kwa sababu Tulia alipenda kukaa kule mwisho. Naingia macho chini, hata simtafuti alipo, asije akashtuka.

Siku tano, hola. Mvumilivu hula mbivu, mimi nilikula jua.

Siku ya sita nikasikia hatua mchangani nyuma yangu. Taratibu sana. Zikaja, zikasimama.

Siku ya saba, pumzi shingoni.

Wakuu, nilifurahi nusura nilie. Nikaanza kuongea. Nikamwambia jina langu. Nikamwambia nina binti anaitwa Neema, yuko darasa la tatu, muoga wa giza. Nikamwelekeza mpaka nyumba tunayokaa. Nikawa namwambia usiogope, sogea, mimi sina ubaya na wewe.

Siku ya nane na ya tisa hivyo hivyo, kila siku karibu zaidi. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Ile pumzi ilikuwa ya baridi, na ina harufu ya ndani ya mtungi wa zamani. Nikasema katoka kunywa maji.

Siku ya kumi nimesimama, pumzi iko shingoni, napiga stori zangu. Mpishi wetu Mama Evelina, mama mmoja ambaye wazazi wake walitoka Burundi wakahamia huku, akaniita kutoka nyuma ya jiko. Simwoni, kuna banda la majani limetukinga.

"Baba Neema we! Unaongea na nani huko?"

"Na Tulia," nikajibu polepole. "Usimshtue, mama."



"Tulia mbona ninaye hapa? Kila siku saa hizi anazunguka huku nampa maganda ya ndizi."

Na kweli, kichwa cha Tulia kikatokeza pembeni ya banda, mbele yangu, ganda la ndizi mdomoni.

Pumzi bado iko shingoni.

Sitajifanya shujaa. Niliogopa. Sikukimbia kwa sababu sikuweza, na kichwani lilibaki neno moja la mjomba: usigeuke.

Tulia akaacha kutafuna. Masikio yakasimama, macho yanatazama juu ya bega langu. Mama Evelina naye akatokeza, akatazama palepale, akaziba mdomo kwa kanga.

"Mana yanje," nikamsikia akimwita Mungu wake kwa Kirundi.

Halafu Tulia, ambaye hakuwahi kumsogelea binadamu bila chakula, akaanza kunijia. Anatetemeka mwili mzima, lakini anakuja. Akanipita ubavuni, akaenda kusimama nyuma yangu.

Pumzi ikakatika. Maji yakalia mara moja, kama mtu anayezamisha ndoo.

Kisha nikahisi bega la Tulia mgongoni mwangu, la moto, linatetemeka. Nikapeleka mkono nyuma, nikamshika shingo kwa mara ya kwanza.

"Buhoro, buhoro," Mama Evelina akaniambia. "Njoo taratibu, baba. Usitazame."

Nikatembea, Tulia ananifuata mpaka nje ya zizi. Mama Evelina mpaka leo hataki kusema aliona nini. Aliniuliza swali moja tu:

"Ulimwambia unakokaa?"

Wiki mbili zilipoisha bosi akaja. Nikamfunga Tulia tandiko upande wa barabara, nikampanda, akatembea vizuri tu. Bosi akapiga makofi. Akajaribu mfanyakazi mwingine wa pale kumpanda, Tulia akainuka juu akamtupa. Wengine wakimpeleka ufukweni haendi, ila nikimwongoza mimi anakubali.

Bosi akasema, "Basi anabaki. Lakini anabaki kwa ajili yako. Siku ukiacha kazi, na yeye habari yake imeisha."

Nilichojifunza ni kwamba mjomba alikuwa sahihi kabisa. Upole na subira vinafanya kazi, tena kwa yeyote atakayesogea kusikiliza. Siku nne nzima nilikuwa nakizoesha kitu nisichokijua, nakibembeleza kisiniogope, nakielekeza kwangu.

Sasa wadau, hasa wafugaji na wenyeji wa ziwani, nishaurini bila kejeli. Nikiacha kazi, Tulia anapigwa risasi. Nikibaki, kila siku nashinda hatua chache kutoka kwenye yale maji, na aliye mle ndani hana tena sababu ya kuniogopa. Ningekuwa wewe, ungefanyaje?