Kayaki Ukumbini kwa Wambeti

Wambeti wa Kiambere alifika miaka sabini na minane bila kuonja samaki. Alipokuwa msichana, watu wa Mbeere walimweka samaki fungu moja na nyoka, na yeye hakuona kwa nini abadili msimamo eti kwa sababu mto ulizibwa ukawa bwawa. Mlangoni kwake samaki hapiti. Mchungaji wa kanisani aliwahi kumletea wa kukaanga, karatasi imelowa mafuta. Wambeti alimwita paka, kisha akamshukuru mchungaji kwa niaba ya paka.

Na bado mwanawe wa mwisho, Ngari, akawa mvuvi. Mtama ulikauka misimu mitatu, basi akashuka bwawani, akawa anavua ameketi juu ya tyubu ya lori, miguu imening'inia majini kwenye mamba. Kuogelea hajui. Sasa ameuza fahali anunue chombo cha maana, na kwao mtu hanunui kitu kikubwa kabla mzazi hajamtemea kifuani mate ya baraka. Ndiyo maana Wambeti akateremka bwawani, mara ya kwanza maishani.

Matumbo ya samaki yametupwa kila mahali, nzi wamejaa juu yake. Mwanamume mzima ananyonya kichwa cha samaki, jicho na yote, halafu analamba vidole. Wambeti akaziba pua kwa ncha ya leso.

Gachoki, muuzaji kutoka Embu mjini, alikuwa amepanga vyombo viwili: boti ya mpira ya kujazwa upepo, na kayaki ya plastiki ngumu, ndefu kama ng'ombe wawili waliofuatana.

"Karibu, Cucu," akasema, akimwita bibi kwa lugha ya kwao. "Ngari ameshapenda hii ya upepo. Anaikunja, anaifunga kwa bodaboda, anaenda nayo nyumbani."

Wambeti aliibonyeza kwa fimbo. Ikabonyea kama tumbo la mbuzi mgonjwa.

"Tukichinja, watoto hupuliza kibofu cha fahali wakacheza mpira. Jioni kimenywea. Hiki hunywea saa ngapi?"

"Hakinywei, Cucu. Kina vyumba vitatu. Kimoja kikitoboka, viwili vinakushikilia."

"Kumbe unajua kitatoboka."

Wavuvi walicheka. Ngari akatazama chini.

"Mama, kayaki haikunjwi. Nikiiacha hapa, asubuhi nitakuta kamba tu. Kwangu haienei. Itaenea ukumbini kwako tu."

"Kwangu? Na uvundo wake?"

"Ndiyo maana nachukua ya upepo."

Basi Ngari akaingia majini na ile boti kuijaribu, akaenda kuinua wavu alioutega jana. Mama yake alisimama ukingoni, leso puani, macho kwake tu. Wavu ulitoa kambare mnene kama mguu wa ndama, na kambare ana mwiba kwenye pezi, mgumu kama wa mgunga. Ngari akamweka katikati ya magoti yake, alivyozoea kumweka kwenye tyubu nene ya lori. Samaki akajipiga mara moja. Ukingoni walisikia fsss ndefu.

Upande mmoja ukalegea, maji yakamfika kiunoni. Wenzake walimrushia kamba wakamvuta. Alitoka amejaa ute hadi shingoni, kambare bado yuko mkononi.

"Mbona hukumwachilia?" Wambeti aliuliza.

"Nilikuwa nimeshamshika, Mama."

Gachoki akasogea. "Cucu, hilo ni tundu dogo. Iko na kiraka, na gundi yake..."

"Hiyo gundi jipake mdomoni."

Kisha akamwambia mwanawe, bila kumtazama, "Chukua ile ndefu. Kila jioni uisugue kwa majivu, na si majivu ya jiko langu."

Ngari alimalizia kuinua nyavu zake nyingine kwa kayaki hiyohiyo, kwa hiyo ilifika nyumbani juu ya mkokoteni wa punda ikiwa imeshanuka vizuri. Waliiingiza mlangoni taratibu. Ncha ikapita meza yenye kitambaa cha kufuma, ikasimama mbele ya kiti anachokalia mchungaji akija. Paka akaja mbio. Wambeti alimeza mate mara mbili ili asitapike.

Halafu akamwita Ngari karibu, akamfungua kifungo cha shati, akamtemea kifuani polepole, kama alivyofanyiwa yeye na mama yake. Akageuka, akaitemea na kayaki.

Mate hayo ya pili hayakuwa baraka.