Kipimo Nilichomtuma Pacha Wangu Akapimwe

Wandugu, sauti yangu bado ni ndogo, musogee. Nimechoka, lakini niko hai.

Mi ni Bukuru. Pacha wangu ni Butoyi. Tunafanana mpaka mama alikuwa anatuchanganya. Tunauza vitenge soko la Jabe, na zamani mabalo, yale mafurushi mazito, nilibeba mwenyewe.

Kisha kifua kikaanza kuuma, maumivu yanapenya mpaka mgongoni. Kupanda nyumbani Gihosha nasimama mara tatu, nahema. Daktari akanipima na ile mashine ya ekografi.

"Mama, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni umetanuka. Usibebe mizigo. Rudi baada ya miezi sita. Ukizidi kutanuka, tutakupasua kabla haujapasuka wenyewe."

Nilichoka na maneno hayo. Mume wangu naye kila asubuhi: "Acha biashara!" Miezi sita ilipofika, nikamwambia Butoyi, "Nenda we, una afya. Niletee karatasi nzuri, huyu mwanaume anyamaze."

Akacheka. "Kama mashuleni, uliponifanyia mtihani wa hesabu?"

Akaenda na fishi yangu ya hospitali. Alirudi hacheki.

"Bukuru, amesema mshipa umezidi. Ni wa kupasua."

"Mshipa wa nani?"

"Wangu! Si mi ndiye nililala pale?"

Mutu ambaye hajaumwa hata kichwa! Nililia mbele ya wateja, sikuona haya.

Kesho yake tukaingia kwa daktari wote wawili. Daktari alituangalia, akavua miwani, akatugombeza sana. Akanipima na mimi. "Mapacha wa kufanana hivi wanaweza kurithi hata upana wa mishipa," akasema. "Wote wawili mutapasuliwa. Wa Butoyi ni mpana zaidi, aanze yeye."

Tulipelekwa nje ya nchi. Butoyi alivuja damu, wakamrudisha kupasuliwa mara ya pili. Mi niko kwenye korido naomba, "Mungu, mwongo ni mi. Apana yeye."

Zamu yangu ilifuata. Wee, mfupa wa kifua! Kukohoa tu, machozi. Mume wangu ndiye aliyeniogesha wiki nyingi, bila kunikumbusha uongo wangu. Namshukuru, nawashukuru na waganga wa hospitali.

Kama uko pacha na mwenzako amepatikana na ugonjwa huu, usingoje kuumwa, nenda upimwe. Mi sikumtuma dada yangu kwa upendo, nilimtuma kwa uongo, na bado ninaona haya. Mungu ametuhurumia tu.

Butoyi, simama kidogo wakuone.