Wabishi Wawili na Pikipiki Zao

Katikati ya miaka ya sabini nilipangiwa kazi ya uuguzi katika zahanati ya Igawa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Iringa na sanduku moja la bati, na chombo pekee chenye magurudumu nilichowahi kuendesha kilikuwa baiskeli ya mjomba. Watu wawili walionifanya niwe muuguzi wa aina niliyokuja kuwa, nilikutana nao wiki yangu ya kwanza pale, na nilikutana nao wakibishana.

Walikuwa kwenye kibanda cha fundi baiskeli, kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Kila Jumamosi asubuhi waliegesha pikipiki zao hapo, wakaagiza chai kwa mama wa jirani, na wakaanza. Mmoja alikuwa mwinjilisti wa kanisa letu, Mbena wa makamo, mpana wa kifua, ambaye kila siku alizunguka mitaa ya usharika. Pikipiki yake ilikuwa ya Kiingereza, nyeusi, nzito, aliyoachiwa na mmisionari aliyerudi kwao. Tandiko lake lilikuwa pana na usukani wake umeinuka, hivyo mwinjilisti alikaa juu yake wima kama mwenyekiti wa kikao. Injini ilinguruma polepole. Ukiisikia ulikuwa na muda wa kumaliza chai yako kabla haijafika.

Wa pili alikuwa bwana mifugo, Mnyakyusa wa Tukuyu, kijana ambaye hakuwa ameoa. Serikali ilimpa pikipiki ya Kijapani, nyekundu, nyepesi, yenye mlio mkali wa kutoboa masikio. Aliiendesha ameinama, kifua juu ya tangi, viwiko vimebana mbavu. Ukiisikia, tayari imeshapita.

"Mzee, hiyo ni pikipiki au trekta?" ndiyo sentensi ya kwanza niliyosikia kutoka kwa bwana mifugo.

"Kijana, mimi nikifika ninakokwenda naweza kuhubiri papo hapo," mwinjilisti akajibu bila kuinua macho kwenye kikombe. "Wewe ukifika lazima kwanza wakunyooshe mgongo."

"Lakini nitakuwa nimefika. Nimechoma sindano ng'ombe mia, nimekula, nimelala. Wewe bado uko Chimala."

"Niko Chimala, ndiyo. Nasalimiana na watu. Wewe kuna mtu unayemjua kati ya hapa na Mbeya? Unawaona wote kama mstari."

Fundi alicheka hadi spana ikamtoka mkononi. Nami nilicheka, ingawa mgeni. Sikujua kwamba ubishi ule ungenihusu.

Zahanati yetu ilikuwa na pikipiki yake. Ililetwa na wilaya ili itumike kuwafikia watu wa bonde la Usangu, hasa wafugaji waliokuwa wakihamia kutoka kaskazini na ng'ombe wao na kujenga mbali na barabara. Lakini tabibu mkuu wa zahanati alikuwa na goti bovu, na wauguzi tulikuwa wanawake. Kwa hiyo ilikaa stoo, imefunikwa gunia, kuku wakitagia juu ya tandiko. Ilikuwa ndogo, si ya mbio wala si nzito, na wale wawili waliidharau kwa umoja, jambo la nadra.

Siku moja niliwaeleza kwamba nimetembea saa nne kumfikia mama mmoja aliyejifungua, nikakuta mtoto ameshafariki. Nilisema tu kwa sababu moyo ulikuwa mzito. Kisha mwinjilisti akaweka kikombe chini.

"Nesi, kwa nini huendeshi ile pikipiki?"

"Sijui kuendesha."

"Hilo si jibu," alisema bwana mifugo. "Hata mimi nilizaliwa sijui."

Hakuna aliyesema kwamba mimi ni mwanamke. Nimekaa na jambo hilo miaka yote hii. Wakati ule kila mtu mwingine angelisema, na mimi mwenyewe nilikuwa naanza kulisema.

Walinifundisha kwenye uwanja wa mpira wa shule ya msingi, kila mmoja kwa zamu, na kila mmoja akiharibu kazi ya mwenzake. Bwana mifugo alitaka niiname na nipige gia haraka. Mwinjilisti alitaka nikae wima, niachie klachi taratibu kana kwamba naweka yai chini. "Sikiliza injini, itakuambia," alisema mmoja. "Ukisubiri ikuambie, umeshachelewa," alisema mwingine. Nilianguka mara mbili. Mara ya pili niliingia kwenye shamba la mahindi la mwalimu mkuu, na wale wawili walibishana ni mafundisho ya nani yaliyonipeleka huko badala ya kunitoa.

Mavazi yalikuwa tatizo. Suruali kwa mwanamke siku zile lilikuwa neno zito, na kuendesha kwa gauni la kazi haikuwezekana. Mke wa mwinjilisti, mama mpole ambaye sikumjua vizuri, alinishonea sketi nene iliyogawanyika katikati. Ukisimama hukuweza kutambua, ukipanda ilikuwa suruali. Hata hivyo wazee wa kanisa walinung'unika. Jumapili moja, baada ya matangazo, mwinjilisti alibaki amesimama.

"Nimesikia maneno kuhusu nesi wetu," alisema. "Nesi hapandi pikipiki awaonyeshe ninyi miguu. Anapanda awafikie watoto wenu kabla mimi sijaitwa kuwazika. Anayeona vibaya anifuate mimi."

Hakuna aliyemfuata. Nilikaa benchi la nyuma, uso unawaka, na nilikuwa na furaha ambayo sikujua niifanyie nini.

Wiki chache baadaye surua iliingia bondeni. Wafugaji walileta habari kwamba watoto wanne wamekufa kwenye kambi moja na wengine wanaumwa. Chanjo ilikuwepo Mbeya, hospitalini, lakini gari la wilaya lilikuwa bovu na friji ya zahanati yetu ya mafuta ya taa ilikuwa imekufa zamani. Chanjo ingebidi itoke Mbeya kwenye barafu na kuingia mikononi mwa watoto siku hiyohiyo. Tabibu alituma ujumbe kambini: akina mama wawe tayari kesho kutwa mchana. Mimi ningeifuata. Wale wawili, bila kuombwa na mtu, walikuja na pikipiki zao zimejazwa petroli, ingawa petroli siku hizo ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi.

Tulikwenda Mbeya tukalala nyumba ya wageni ya kanisa. Asubuhi na mapema, baridi inauma vidole, nilikabidhiwa thamosi kubwa ya mdomo mpana, ndani yake vichupa vya chanjo vimezungukwa na barafu. Ubishi ulianza papo hapo kwenye geti.

"Nipe mimi," alisema bwana mifugo. "Barafu itafika Igawa bado ngumu kama jiwe."

"Barafu itafika," alisema mwinjilisti, "lakini kioo cha ndani je? Hiyo mashine yako inatetemeka kama mtu mwenye homa. Thamosi ikipasuka utawapa watoto maji?"

Wote wakanitazama. Ningeweza kuibeba mwenyewe, ila sikujiamini. Nilikuwa na wiki sita tu barabarani. Nikampa mwinjilisti. Aliivingirisha kwenye koti lake zito na kuifunga kwa kamba nyuma ya tandiko. Bwana mifugo alivaa kofia yake, akapiga teke, akatoweka kuelekea Uyole. Niliona nimemuumiza.

Mimi na mwinjilisti tulikwenda kwa mwendo wake. Nakiri ilikuwa safari nzuri. Jua lilichomoza, mashamba ya ngano na viazi yakaonekana, na kweli watu walitupungia nasi tukawapungia. Tulipokaribia Igurusi nikasikia mlio kama wa shoka kwenye chuma. Pikipiki nyeusi ikayumba, ikasimama. Mnyororo ulikuwa umekatika na kipande chake kimepasua kifuniko cha injini. Oili ilitiririka kwenye lami.

Mwinjilisti alipiga magoti akatazama. "Hii haiendi tena leo," alisema. "Nesi, nisamehe."

Tulikuwa bado tunafungua kamba tuliposikia ule mlio mkali kutoka mbele. Bwana mifugo alikuwa amefika Chimala, akasubiri, akahesabu muda, akaona si wa kawaida hata kwa mzee. Akarudi. Alizima injini akaangalia oili kwenye lami, na mimi nikangoja maneno. Ningekuwa yeye ningesema. Yeye aliuliza tu, "Umeumia, Mzee?"

"Sijaumia. Chukua chupa."

Akaivingirisha upya kwenye lile koti, akaiweka kifuani ndani ya jaketi lake na kufunga vifungo hadi shingoni. Kisha akapanda na kuondoka, na mimi nyuma yake. Sijamsahau alivyoendesha siku ile. Hakuinama. Asingeweza, chupa ilikuwa kifuani. Aliendesha wima kabisa, taratibu, akizunguka kila shimo na kila jiwe, magari ya mizigo yakitupita na kutupigia honi. Hakujali. Kijana yule niliyemzoea kama vumbi tu sasa nilimfuata kwa urahisi kwa kilomita zaidi ya hamsini, nikitazama mgongo wake ulionyooka.

Igawa tulifika kabla ya saa tano. Tuliacha lami tukaingia njia ya bondeni, na huko tulikuta mvua ya usiku imeacha tope jeusi, lile linalonata kama ugali usioiva. Pikipiki nyekundu ilizama mara mbili. Mara ya tatu bwana mifugo alishuka, akafungua vifungo vyake.

"Sasa chukua wewe," alisema. "Kapikipiki kako ni kepesi na wewe ni mwepesi. Mimi natangulia kwa miguu nikupimie njia."

"Nikianguka?"

"Huanguki. Ukianguka, anguka chali."

Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia kwenye tope akichoma ardhi kwa fimbo. Palipokuwa na udongo mgumu alininyooshea mkono, nami nikapita polepole, thamosi imenibana tumboni, klachi naiachia kama naweka yai chini. Tulikwenda hivyo karibu saa nzima.

Akina mama walikuwa wameketi wanatusubiri, wengine tangu alfajiri, watoto mapajani. Mmoja, Msukuma mrefu aliyebeba mapacha, alinisalimia kwa lugha yake, akaitazama pikipiki, akanitazama mimi, akapiga vigelegele. Nilifungua thamosi. Kioo kilikuwa kizima. Vipande vya barafu vilikuwa vimebaki vidogo, kama punje za mahindi, lakini vilikuwepo. Nilichanja hadi jua lilipoinama, bwana mifugo akishika watoto kwa ustadi ule aliowashikia ndama. Kambi ile haikuzika mtoto mwingine kwa surua mwaka ule. Kwa wawili waliokwisha kuugua tulikuwa tumechelewa. Mmoja alipona, mmoja alipoteza macho. Hayo nayo nayakumbuka.

Mwinjilisti alirudi siku ya pili. Tulikuwa kwenye kibanda cha fundi lilipofika lori la mahindi kutoka Mbeya, na juu kabisa ya magunia ilisimama pikipiki nyeusi imefungwa kamba. Mwinjilisti alikuwa ameikalia, wima, mikono kwenye usukani.

"Mnaona?" aliita kutoka juu. "Hata ikiharibika, unakaa vizuri!"

Bwana mifugo alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaenda kumsaidia kuishusha, na walitumia Jumamosi tatu kuitengeneza pamoja na fundi, wakibishana kila nati. Mwinjilisti alidai kwamba chanjo ilifika kwa sababu iliendeshwa kwa mtindo wake. Bwana mifugo alidai kwamba bila mbio za kwenda Chimala na kurudi, mzee angekuwa bado yuko Igurusi anaisalimia oili. Walipotaka niamue, nilisema nina wagonjwa.

Nilikaa Igawa miaka mitatu. Nilipohamishiwa Iringa nilikuwa nimenunua pikipiki yangu kuukuu kwa mwalimu wa kujitolea aliyekuwa anarudi kwao. Wale wawili walinisindikiza hadi Makambako, mmoja mbele sana, mmoja nyuma sana, nami katikati. Tulikunywa chai, tukapeana mikono. Bwana mifugo alinipa plagi ya akiba. Mwinjilisti alifumba macho akaniombea, sala ndefu, na nilipofumbua jicho moja nikamwona bwana mifugo naye amefumba yake kwa nguvu.

Kutoka hapo nilikwenda peke yangu. Kupita Mafinga ukungu ulikuwa umelala kwenye misonobari na taa yangu haikuona zaidi ya hatua kumi, lakini sikuogopa. Nilipanda mlima wa mjini Iringa mchana, nikasimama mbele ya nyumba yetu. Mama yangu alitoka jikoni akifuta mikono. Hakuwa ameambiwa kitu. Barua zangu zilikuwa za kazi na salamu tu.

"Kamwene," nilimsalimia kwa lugha ya nyumbani.

Aliitikia, akaizunguka pikipiki polepole, akagusa tandiko, akagusa taa. Nilisubiri anigombeze.

"Nani amekufundisha?" aliuliza.

Nikamwambia. Nilimweleza habari zao wote wawili, tumesimama palepale juani, na chakula kikaungua jikoni. Alipokwisha kusikiliza aligusa tena tandiko.

"Watu hao waandikie barua leo," alisema. "Mimi nitaweka dole gumba. Halafu Jumapili utanipeleka kanisani kwa hiki kitu."