Regulata ya Maji ya Timbo

Mwalimu wetu wa kupiga mbizi alikuja Jumamosi hiyo na begi jeusi. Alitandaza taulo kando ya bwawa la kuogelea la hoteli, hapa Kitengela, akatoa regulata tatu na kuzipanga juu yake. Alikuwa amezichukua kwa muuzaji anayemfahamu Mombasa. Sisi wanafunzi wawili tungezijaribu, kila mmoja achague yake, na itakayobaki irudishwe.

"Vitu vingine mtaazima kwangu," alisema. "Lakini hii inaingia mdomoni. Ni kama mswaki."

Regulata ni kile kifaa kinachofungwa juu ya mtungi wa hewa, kikatoa mpira mrefu mpaka mdomoni, ili mtu avute hewa akiwa chini ya maji. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, na kabla ya mwaka huo sikuwahi kumiliki hata kaptula ya kuogelea. Nyumbani Kajiado maji ni kitu cha kutafutia ng'ombe. Mtu haingii ndani yake.

Mwenzangu darasani alikuwa mama Mkamba mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Yeye alitaka kuona bahari kwa chini kabla hajazeeka, na alilisema hilo kwa kila mtu. Mimi siku ya kujiandikisha niliulizwa nataka nini, nikajibu nataka kuona samaki. Yule mama alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mmaasai na samaki? Hata kula hamuli!"

"Sitaki kuwala. Nataka kuwaangalia."

"Haya. Wakikuona na hiyo shuka watahama."

Nilicheka pia, lakini nilikuwa nimedanganya, na si kawaida yangu. Ukweli ni kwamba nilimjua mwalimu kabla hajanijua. Miezi saba kabla ya hapo, mdogo wangu, mchonga mawe, aliteleza na dumu mkononi akaingia kwenye timbo, shimo la kuchimbia mawe, lililojaa maji ya mvua, upande wa Kiserian. Hakujua kuogelea. Hakuna aliyejua kati ya wote waliokuwa pale. Tulikaa ukingoni siku tatu. Watu walirusha kamba zenye ndoano wakavuta magunia na matairi. Siku ya tatu ndipo walipofika wapiga mbizi wa kujitolea, na aliyemtoa alikuwa mwanamke huyu, mwalimu wetu. Nilimwona akiibuka, akatoa ile kitu mdomoni na kusema, "Nimempata." Tulikuwa wengi sana ukingoni. Hakuwa na sababu ya kuikumbuka sura yangu.

Kabla ya kushuka siku ile alikuwa ametuambia kwa ukali kwamba hakuna mtu wa familia atakayekaribia maji. Kwa hiyo nilijua kwamba nikisema ukweli ataniondoa darasani. Nilitaka kuingia katika kikundi chake cha kutafuta watu waliozama. Nilitaka pia kushuka katika lile timbo. Nilizunguka na hayo mawili kifuani miezi mingi, na yalinichosha kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Tangu tuzike nilikuwa naamka asubuhi nikiwa nimechoka tayari.

Tulianza na regulata ya kwanza, ndogo na nyepesi. Nilipoiuma mdomoni mama alinichungulia.

Mimi ni wa rika lililong'olewa meno mawili ya chini, ya mbele, tukiwa wadogo. Pengo langu linaonekana vizuri.

"Mwalimu, huyu mzee ako na dirisha," mama alisema. "Si maji itaingilia hapo?"

Nikaitoa ile kitu mdomoni. "Hili tuliwekewa la kupitishia maziwa, mtu akifunga taya kwa ugonjwa."

"Sasa leo itapitisha bwawa yote!"

"Midomo ndiyo inaziba, si meno," mwalimu alisema. "Mzee, uma na meno ya pembeni. Taratibu. Usiitafune."

Haikupitisha maji. Ilitoa hewa kwa urahisi sana, karibu kama kupumua barazani. Ya pili ilikuwa na kifundo pembeni, ukikizungusha hewa inakuwa ngumu au laini, na mama aliipenda hapo hapo akasema hiyo ni yake, tusimguse. Ya tatu ilikuwa nzito. Ilibidi nivute kidogo kabla hewa haijaja.

Neno regulata lilikuwa linamsumbua mama, kwa hiyo tangu wiki ya kwanza aliiita pumzi. "Nipee pumzi yangu." "Pumzi ya mzee imeanguka." Tulizoea sote, hata mwalimu. Alikuwa ametufundisha sheria ya kwanza kabisa, kwamba chini ya maji usibane pumzi hata kidogo, vuta na utoe, vuta na utoe. Nilikuwa naijua.

Tulikuwa tunaelekea upande wa kina cha mita tatu, mimi na ile nzito, mama na yake. Mwalimu akasema, "Mkipanda juu, kila mtu ashike pumzi yake mpaka nimwambie."

Alimaanisha tuishike ile kitu mdomoni, tusiitoe mapema. Mimi nilisikia vingine. Niliona ajabu, lakini nikafikiri labda kupanda kuna sheria yake. Nilipofika chini nikapiga magoti sakafuni, nikapumua vizuri, na mwalimu alipoonyesha kidole gumba juu, ishara ya kupanda, nikavuta hewa kifua kizima, nikaifungia, nikapanda.

Nusu ya njia nilipigwa ngumi ya tumbo. Alikuwa mwalimu. Hewa ikanitoka yote kwa mapovu, nikaibuka nikikohoa.

"Ulikuwa unafanya nini?" Alinivuta mpaka ukingoni. "Hewa ya chini inapanuka ukipanda. Mapafu yanapasuka kama puto. Unataka kufa?"

"Ulisema tushike pumzi."

Mama alikuwa ameibuka, anatuangalia, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Ni mimi nililetanga hiyo jina," mama alisema.

"Kuanzia leo inaitwa regulata," mwalimu alisema. "Ikikushinda, iite ile kitu."

Akaniambia nikae kwenye kiti nisiondoke, aone kama kifua kinauma. Hakikuuma. Mama alienda kubadilisha nguo. Mwalimu akakaa karibu nami, na zile mbili zilizobaki zikiwa kwenye taulo kati yetu, ile nyepesi na ile nzito.

"Mzee wangu, leo umenitisha. Wewe unafanya chochote unachoambiwa hata kama kinakuua. Watu wanaopenda samaki hawako hivyo." Akaiinua ile nyepesi. "Kama ni samaki, chukua hii. Maji safi, maji ya joto, hutajuta. Hii nyingine imefunikwa ndani na mpira, tope haliingii kwenye mashine. Baharini ni kujisumbua bure. Kwa hivyo niambie. Utazamia wapi?"

Ningeweza kusema Mombasa na kuchukua ile nyepesi. Jibu lilikuwa mdomoni tayari.

"Kwenye matimbo," nikasema. "Na mabwawa ya ng'ombe. Mdogo wangu alizama kule upande wa Kiserian. Ni wewe ulimtoa."

Nikaendelea, kwa sababu nikinyamaza nisingeanza tena. Nilimwambia kwamba zile siku tatu mama yetu hakula, na hatukujua kama tunakesha matanga au tunangoja mtu. Nataka familia nyingine isikae tatu. Ikae moja. Kisha nikamwambia na lile la pili, kwamba nataka kushuka pale pale, nipaguse alipokuwa. Nilimwambia sijui lipi ni kubwa kuliko lingine. Siku nyingine ni hili, siku nyingine ni lile.

"Ulinidanganya siku ya kwanza."

"Ndiyo."

"Mtu akinidanganya juu, siwezi kumwamini chini."

"Najua. Ndiyo maana nimesema."

Aliipangusa ile regulata nzito kwa ncha ya taulo, polepole, mahali ambapo hapakuwa na maji.

"Maliza mafunzo," alisema mwishowe. "Halafu mwaka mzima utashika kamba ukingoni. Mtu wa kamba ndiye anayejua mwenzake chini yuko hai. Hutashuka kutafuta mtu mpaka nione mwenyewe kwamba umetulia. Na lile timbo, hapana. Si mwaka ujao, si siku yoyote. Ukishuka pale hutatafuta njia ya kupanda. Nimeona."

Nilitaka kubisha. Lakini aliyosema yalikuwa kweli, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameyajua.

"Sawa," nikasema.

"Sema tena."

"Lile timbo sitashuka."

Akanisogezea ile nzito. Niliiweka mapajani. Mama alikuwa anarudi, amevaa, anauliza kwa sauti kama mzee ako hai, na nilijua nina muda mdogo.

"Wewe ulishuka pale," nikamwambia mwalimu. "Kukoje?"

"Hakuonekani. Tope. Hata mkono wangu sikuuona." Alinitazama kwanza, akapima kama aendelee. "Nilikuwa natambaa na kupapasa. Nilimpata kwa mkono. Nilishika bega."

"Bega gani?"

Akafumba macho, akaunyoosha mkono wake wa kulia hewani, mbele yake, kama mtu anayepapasa gizani, mpaka akakumbuka.

"La kushoto," alisema.