Kitambaa cha Altare cha Paskalina

Pale Lipangalala hakuna aliyejua kudarizi kumshinda Paskalina, na anayebisha alete shuka lake tulione. Mimi nilikuwa katibu wa jumuiya yetu ya kanisa tu, sina sababu ya kumpamba.

Mwaka 1996 zamu ilituangukia sisi kuandaa altare ya njiani kwa maandamano ya Ekaristi, ile ambayo padri husimama hapo na Ekaristi mkononi akabariki watu. Paskalina akaomba iwekwe mlangoni kwake, na kitambaa cha kuitandika atakidarizi mwenyewe. Tukakubali kwa makofi. Aliishi peke yake. Raimundi wake alikuwa mkata miwa kwenye mashamba ya sukari. Alikuja mara moja kwa mwaka, akala, akaahidi ndoa ya kanisani, akaondoka. Kwa ndoa hiyo isiyofungwa, Paskalina hakuruhusiwa kukomunika, yaani kuipokea hiyo Ekaristi.

"Mimi sifiki mezani kwa Mungu, mama Beatus," aliniambia. "Basi siku moja yeye asimame kwangu."

Alidarizi Kwaresma nzima na zaidi. Pembeni akaweka masuke ya mpunga. Nikamwambia kwenye vitabu vya kanisa huwa ni ngano.

"Ngano siijui. Mpunga nimeulima Idete mpaka mgongo umekataa."

Ikabaki wiki moja, wazee wa jumuiya wakageuka. Ati Ekaristi haiwezi kusimama kwa mwanamke asiye na ndoa. Altare ikahamishiwa kwa mzee Theodori. Lakini kitambaa walikitaka, hapo hawakuona dhambi! Nani atumwe kukichukua? Mimi. Na mdomo wangu huu, unaogombana na wauza samaki kila siku, kikaoni ulinyamaza kimya.

Mjumbe hauawi, na kweli Paskalina hakuniua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakipiga pasi upya, akakikunja.

"Angalieni nta ya mishumaa," akasema. Basi.

Jumapili maandamano yalipita njia ile ile, kanga zimetandikwa barabarani. Mlangoni kwa Paskalina niliona meza imesuguliwa ikawa nyeupe, haina kitambaa, juu yake glasi ya maua tu. Yeye amepiga magoti kando yake. Padri hakujua lolote, akapita. Sisi tuliojua tukaongeza sauti ya kuimba. Niliona aibu, na nilipita na wenzangu.

Jioni nikamrudishia kitambaa chake. Meza bado ilikuwa pale pale mlangoni. Alikitandika juu yake taratibu, akalainisha pindo kwa kiganja. Kikaenea kona zote nne, maana alikuwa amekipimia meza hiyo.

"Kule kwa mzee Theodori kilitosha?" akaniuliza.

Meza ya Theodori ni kubwa. Mbao zilibaki wazi pande zote mbili, na watu walinong'ona kwamba fundi amekosea kipimo.

"Kilitosha," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akavuta kigoda, akakaa pembeni ya meza yake.