Hodi Kwenye Banda la Korongo

Mama Redio hakupewa jina hilo kwa kuonewa. Kwa miaka kumi na tisa alikaa mapokezi ya hospitali, nyuma ya kioo chenye tundu dogo la kupitishia sauti, na tundu lile halikuwahi kupumzika. Mgonjwa aliyeingia na maumivu ya jino aliondoka akijua daktari yupi ana mkono mwepesi, dawa ipi inywewe baada ya kula, na kwamba jirani wa Mama Redio amejifungua mapacha, wote wa kiume, wote wanakoroma. Watu walimpenda. Kuna wazee waliokuja kupima presha wasiyokuwa nayo, ilimradi wapite pale dirishani.

Alipotimiza miaka arobaini na mitatu akatangaza kwamba anarudi shule. Alitaka stashahada ya uhifadhi wa wanyamapori, jambo alilolitamani tangu ujana, kabla watoto hawajaanza kufuatana kama siku za wiki. Mumewe, fundi saa, mtu ambaye maneno yake ya kutwa hayajazi kiganja, aliinua jicho kutoka kwenye lenzi yake akasema, "Nenda." Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Basi akasoma jioni kwa miaka mitatu na kufaulu kila somo. Likabaki moja lisilofundishwa darasani: mafunzo kwa vitendo, saa mia tatu na ishirini, krediti nane. Bila krediti hizo hakuna cheti. Mwaka uliotangulia alikuwa ameahirisha ili amuuguze mama mkwe wake, na safari hii barua ya chuo haikumung'unya maneno: akishindwa, anarudia mwaka mzima. Ukiwa na miaka arobaini na sita, mwaka mzima si kitu cha kuchezea.

Akapangiwa kituo cha kulelea makinda ya korongo, wale ndege warefu wenye shada la manyoya ya dhahabu kichwani. Msimamizi alikuwa daktari wa wanyama, binti mwembamba mwenye umri wa kifungua mimba wa Mama Redio. Siku ya kwanza alimkabidhi joho la kijivu lenye kofia ya kufunika uso mzima, na kichwa cha korongo cha bandia kinachovaliwa mkononi kama soksi.

"Karibu sana, mama. Hapa tuna sheria nyingi, ila kubwa ni moja. Ukishavaa joho, huongei."

"Kwa sauti ya juu?"

"Huongei kabisa. Hata kunong'ona. Hata kikohozi, ukiweza, kimeze."

Mama Redio akacheka akidhani ni utani. Daktari hakucheka. Akamweleza kwamba mayai yaliokotwa kwenye kinamasi kilichokaushwa, na makinda yakaanguliwa humu humu ndani bila mama. Kinda akilishwa huku anasikia sauti ya mtu, huamini kwamba watu ndio ukoo wake. Siku ya kuachiwa atamkimbilia yeyote amwonaye, na si kila amwonaye atakuwa na panzi mkononi. Wengine watakuwa na fimbo, wengine mbwa. Ndiyo maana kinda hatakiwi kuona sura ya mtu, kusikia sauti yake, wala kupewa jina. Mama Redio alikabidhiwa Namba Saba, kinda wa wiki tano, miguu mirefu kuliko akili.

Hapo yakaanza mateso. Siku nzima Mama Redio alikaa bandani na umbea wake wote moyoni, akichovya mdomo wa bandia kwenye sahani ya panzi na kumwonyesha Namba Saba namna ya kudonoa. Jioni akifika nyumbani, maneno yaliyofungiwa tangu asubuhi yalitoka yakisukumana mlangoni. Alimsimulia mumewe panzi mmoja mmoja. Siku ya tano fundi saa akaweka koleo chini.

"Mke wangu, hivi hiyo kazi haina zamu ya usiku?"

Lakini kazi aliipenda, tusimfiche. Namba Saba alikuwa mlafi, mwoga wa vyura, na mwenye tabia ya kulala akiwa amesimama kisha kuanguka. Katika daftari la mafunzo Mama Redio aliandika kila kitu kwa ule mwandiko wake wa kadi za hospitali: panzi wangapi, maji kiasi gani, ameanguka mara ngapi. Daktari alilipitia kila Ijumaa na kuweka alama ya vema. Saa themanini na nane zikaingia bila doa.

Siku ya kumi na mbili akaja mleta mahindi, mwanamume mpole mwenye mkokoteni, ambaye kwa kawaida alishusha mzigo wake barabarani. Siku hiyo mvua ilikuwa imetishia, akausogeza mkokoteni hadi uani, karibu kabisa na mabanda, na kama mtu yeyote mwenye adabu akaita, "Hodi wenyewe!"

Namba Saba akainua shingo. Kisha akatoka mbio, mabawa wazi, mdomo wazi, akajibamiza kwenye wavu mbele ya mleta mahindi na kuanza kupiga kelele za kudai chakula.

Daktari aliliona tukio lote kutoka dirisha la ofisi. Akatoka na uso uliokunjamana.

"Umekuwa ukiwalisha ndege wangu, kaka?"

"Mimi? Dada, huyu ndege ndiyo kwanza namwona leo!"

"Basi mbona anakujua? Nakuomba usije tena hapa. Nitamwambia tajiri wako atuletee mtu mwingine."

Mleta mahindi aliapa kwa kila alichoweza kuapia. Mama Redio alikuwa amesimama mlango wa stoo, joho mkononi. Yeye alijua. Kila asubuhi, tangu siku ya kwanza, alipoinua komeo la banda mdomo wake ulikuwa umetamka, polepole, bila kumwomba ruhusa, "Hodi." Huyu ni mwanamke asiyeingia chumba cha mtu bila hodi. Alibisha wodini, alibisha kwa wanawe mwenyewe, na nyumbani kwake alibisha hodi hata bafuni alikojua fika hamna mtu. Siku ya tatu alijisikia akisema, akajiapia kuacha. Siku ya nne akasema tena. Mazoea yana tabu. Hodi, kisha panzi. Hodi, kisha panzi. Namba Saba hakuhitaji kufundishwa mara mbili.

Hakuna aliyejua, na hakuna ambaye angejua. Angenyamaza tu, krediti zake nane zingebaki salama, na mleta mahindi angepelekwa njia nyingine. Watu walikuwa wakimsihi anyamaze tangu ana miaka sita, na hii ilikuwa mara ya kwanza maishani kimya kingemlipa. Akamtazama yule kaka akikunja gunia lake kwa unyonge, akaona kwamba kimya cha namna hiyo yeye hakiwezi.

"Daktari, si yeye. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini, mama?"

"Nimebisha hodi."

Daktari akamwangalia. "Umebisha hodi... kwa ndege?"

"Kila asubuhi. Mwanangu, nisamehe. Mimi kuingia kwa mwenyewe kimya kimya, kama mwizi, siwezi. Nimelelewa hivyo."

Mleta mahindi ndiye aliyeanza kucheka. Daktari akaketi juu ya gunia, akauficha uso mikononi, na mabega yakamtikisika kwa muda ambao haukuwa mfupi. Alipoinua kichwa, kicheko kilikuwa kimekwisha. Kwanza alimwomba radhi mleta mahindi. Kisha akamgeukia Mama Redio.

"Sikiliza, mama. Korongo huishi miaka ishirini na zaidi. Huyu akiendelea kukimbilia sauti za watu, simwachii. Atazeekea humo bandani. Na fomu yako ya chuo, swali la kwanza linauliza kama mnyama uliyemlea yuko tayari kuishi porini. Siwezi kuandika uongo."

"Sitaki uandike uongo. Nifanye nini?"

"Andika ukweli wewe kwanza, kwenye daftari. Halafu hodi iliyomwita ndiyo itakayomfukuza."

Mpango ulikuwa huu. Kuanzia kesho Daktari angevaa joho na kuwa mama korongo. Mama Redio angekuja na gauni lake la kawaida, uso wazi, sauti wazi, na sufuria na mwiko mkononi. Angebisha hodi, kisha amtimue Namba Saba kwa kelele, huku mama korongo akikimbilia matetini, mwisho wa banda, kumwonyesha mtoto kwamba mtu ni wa kukimbiwa.

Siku ya kwanza ikawa aibu tupu. Mama Redio akasema hodi, Namba Saba akaja mbio kwa furaha, akasimama mbele yake na kuanza kudonoa kifungo cha gauni. Mwiko ukabaki hewani. Ndani ya joho Daktari, asiyeweza kusema neno, alirusha mikono kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Mama Redio akashindwa. Alirudi nyumbani akilia waziwazi.

"Nimpigie sufuria mtoto niliyemlisha kwa mkono wangu!" alimwambia mumewe. "Ataniona mimi nani?"

Fundi saa akafikiri. Kisha akatoa maneno mengi kuliko yote tangu siku ya harusi yao.

"Wanao uliwafukuza jikoni kwa mwiko huo huo. Moto ulikuwa unawaka. Walikuona mchawi. Leo wote wazima, wana vidole kumi kumi."

Kesho yake Mama Redio akapiga sufuria. Alipiga kwa macho yaliyofumbwa, lakini alipiga. Namba Saba akaruka, akakimbia hatua tatu, akageuka, akamtazama kama anayesubiri maelezo, akarudi. Akapigiwa tena, akarudi tena. "Sikio la kufa halisikii dawa!" Mama Redio alimfokea, na kwa mara ya kwanza akaona jambo la kumliwaza: kazi hii ilimruhusu kuongea. Basi akaongea. Alimfukuza Namba Saba kwa habari za mapacha wanaokoroma, kwa habari za mama mkwe na dawa zake, kwa kila alichokimeza wiki mbili nzima, na chini ya kila sentensi aligonga sufuria. Wafanyakazi wa mabanda ya jirani walikuwa wakiahirisha chai ili wasikose mwisho wa hadithi.

Wiki ya kwanza kinda alikimbia nusu ya banda. Wiki ya pili alikimbia hadi matetini na kuchungulia. Wiki ya tatu Mama Redio alipoinua tu komeo na kusema hodi, bila sufuria, Namba Saba alikuwa ameshafika upande wa pili akiwa ameruka juu ya ardhi kabisa, kwa mabawa yake mwenyewe. Daktari alivua kofia nje ya banda, akamkumbatia. Mama Redio akafurahi, na furaha ile ikamuuma, yote mawili kwa wakati mmoja.

Siku tatu kabla ya saa zake kutimia, Namba Saba aliachiwa kwenye kinamasi ng'ambo ya kituo, ambako korongo wanne wa porini walikuwa wakijilisha. Na siku ya mwisho akaja mwalimu wa chuo, na fomu, na kamera. Alikuwa amelisoma daftari lote, pamoja na ukurasa wa hodi. Mama Redio alivaa gauni lake la kutokea.

"Haya, mama, tumalize," alisema mwalimu. "Nahitaji picha ya mwanafunzi na mnyama wake. Wenzako wote wamepiga. Jana mmoja alikuwa na kobe mapajani. Sogea karibu naye kadiri unavyoweza."

Mama Redio akamtazama Daktari. Daktari akatikisa kichwa kukubali.

Akaingia kwenye majani. Korongo watano walikuwa mbali kidogo, vichwa chini, na mmoja bado shada lake lilikuwa fupi. Akasimama, akajaza kifua, na kwa sauti ile iliyofika wodi ya mwisho kwa miaka kumi na tisa, akaita:

"Hodi!"

Namba Saba akainua shingo. Akamtazama. Kwa pumzi moja hakusogea, na katika pumzi hiyo Mama Redio, ambaye cheti chake chote kilikuwa kinaning'inia pale, alitamani kwa moyo wake wote ndege yule aje.

Namba Saba akafungua mabawa na kuondoka. Wale wanne wakaondoka naye, wakapita juu ya matete, juu ya miti, hawakugeuka.

Mwalimu akashusha kamera, uso umejaa huruma. "Pole sana, mama. Picha hakuna. Amekukimbia."

Mama Redio alikuwa akilia na kucheka, na kamasi zilikuwa zimeshafika pale ambapo mtu mzima huona haya. Akajifuta kwa kiganja, akaashiria fomu.

"Andika hivyo hivyo, mwalimu. Amenikimbia. Andika kwa herufi kubwa."