Fundi wa "Tena"

Fundi anayewarekodia wale vijana wa bendi ya panki gerejini hajui kusifu. Anajua "tena" tu. Anatafuna njiti ya kiberiti, kidole juu ya kitufe, shingo imekakamaa kama anayesubiri sindano. Umebaki wimbo mmoja albamu ikamilike, na sauti ya mwimbaji imebaki uzi.

"Tena."

"Kaka, nitatema koo!"

"Liteme kwenye maiki."

Safari hii wimbo unawaka, hata njiti imesimama mdomoni. Ghafla shangazi wa fundi, mwenye nyumba, anautwanga mlango wa bati kwa ngumi: "Mashetani nyie, zimeni makelele!" Mpiga dramu anataka kuacha. Fundi anamkazia macho: piga! Taratibu anaigeuza maiki ya pili ielekee mlangoni, na shangazi anatukana mpaka pigo la mwisho.

Fundi anatema njiti.

"Nzuri, shangazi. Usirudie."